Kabla hujamkata fundi mshahara, chukua karatasi

Kuna swali moja nimelisikia mara nyingi mno katika maduka na karakana za watu wetu hapa Dubai, kuanzia Deira mpaka Al Quoz: "Nani kaharibu?" Bidhaa ikirudi, nani kaharibu. Mteja akipiga simu kulalamika, nani kaharibu. Na jibu hupatikana haraka, kwa sababu daima yupo mtu wa chini, aliyekuja juzi, asiyeweza kujitetea kwa lugha ya tajiri wake. Anakatwa dirhamu kadhaa mwisho wa mwezi, mambo yanakwisha. Ila hayakwishi. Mwezi wa pili bidhaa zinarudi vilevile.

Hoja yangu leo ni kwamba swali la "nani" tunaliuliza mapema mno. Kabla yake yapo mengine: kasoro gani, ngapi, lini, kwenye mashine ipi, kwa kitambaa kipi. Maswali hayo hayajibiwi kwa kelele wala kwa kumkazia mtu macho. Yanajibiwa kwa penseli na karatasi, kwa hesabu ambazo mtoto wa darasa la saba anaziweza. Viwanda vikubwa duniani vinazitumia hesabu hizi tangu zamani. Sisi bado tunaendesha kazi kwa kukisia, na gharama ya kukisia kwetu anailipa mfanyakazi.

Nalisema sasa kwa sababu vijana wetu wengi hawaridhiki tena na kununua na kuuza, wameanza kutengeneza: mabuibui, halwa, manukato, tende za kufungwa kwenye boksi, viungo vya kusaga. Mwezi Machi 2021 serikali ya hapa ilitangaza mpango wa kukuza viwanda, ikilenga kuufikisha mchango wa sekta hiyo kutoka dirhamu bilioni 133 mpaka bilioni 300 ifikapo 2031. Mlango uko wazi. Lakini wazee wetu walikuwa watu wa mali iliyokwisha kutengenezwa na wengine. Kasoro ikitokea, lawama ilikwenda Bombay au Japani. Leo aliyetengeneza ni sisi wenyewe, na lawama haina pa kwenda.

Tuanze na jambo ambalo kila mwenye asili ya Unguja au Pemba analijua. Karafuu ikichumwa huchambuliwa, makonyo kando na karafuu kando, kisha huanikwa juani kwenye majamvi kwa siku kadhaa. Ikilundikwa mbichi ndani ya gunia, au mvua ikachelewesha kuanika, hupata joto na kuchacha, na ikija kukauka inakuwa imepauka na kunyauka. Hiyo ndiyo mpeta. Mpimaji ghalani anaijua kwa jicho. Anachota konzi, anaitandaza, anatazama mpeta, makonyo na taka, anaangalia unyevu, anatoa daraja. Kazi yake ina maana, sikatai. Lakini hakuna karafuu hata moja iliyopona kwa sababu mpimaji alikuwa mkali. Iliharibika siku nyingi nyuma, shambani, ndani ya gunia. Mkulima akitaka mpeta ipungue, asigombane na mpimaji. Arudi kuangalia saa zilizopita kati ya kuchuma na kuanika.

Ukiielewa mpeta umeielewa nusu ya elimu ya ubora viwandani. Nusu ya pili ni jinsi ya kurudi nyuma kuangalia, bila kubabaisha.

Elimu hii ina tarehe zake. Tarehe 16 Mei 1924, Mmarekani Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Western Electric iliyotengeneza vifaa vya simu, alimwandikia mkubwa wake waraka wa ukurasa mmoja tu, wenye mchoro mdogo. Mchoro ule ndio uliozaa chati ya udhibiti, nitaieleza mbele. Baada ya vita, mwaka 1950, Mmarekani mwingine, W. Edwards Deming, alialikwa Japani kuwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda. Siku zile bidhaa za Kijapani zilikuwa mzaha duniani. Watu wa umri wangu wanakumbuka wazee wakisema kitu cha Japani ni cha kuvunjika. Kisha akatokea Kaoru Ishikawa, profesa wa Chuo Kikuu cha Tokyo, ambaye kwa rai yangu ndiye mwalimu hasa katika kundi hili. Yeye alishika msimamo kwamba hesabu hizi zisiachiwe wahandisi peke yao, mfanyakazi wa kawaida naye azijue. Mwaka 1962 vikaanza vikundi vya ubora, wafanyakazi wachache wa sehemu moja wakikaa pamoja kutatua matatizo ya kazi yao wenyewe.

Ishikawa alitaja zana saba, akasema kwamba matatizo mengi mno ya kazini, hata kufikia asilimia 95, yanatatulika kwa zana hizo tu. Zenyewe ni karatasi ya kuhesabia kasoro, chati ya Pareto, mchoro wa mfupa wa samaki, kutenganisha hesabu kwa makundi, histogramu, mchoro wa mtawanyiko, na chati ya udhibiti. Wengine huweka mchoro wa hatua za kazi katika nafasi moja ya hizo saba. Husemekana idadi ya saba ilifuata silaha saba za Benkei, shujaa wa hadithi za Kijapani. Si kitu. La muhimu ni kwamba hakuna hata moja inayodai kompyuta.

Tuchukue karakana ya mabuibui, au abaya kama tunavyosema huku. Ina mafundi watano, na kwa mwezi mmoja mabuibui 80 yamerudi na kasoro. Nambari hizi ni za ubaoni, nimezitunga ili hesabu ikae sawa, lakini mambo yenyewe nimeyaona kwa macho yangu katika karakana za jamaa.

Kwanza karatasi ya kuhesabia. Unaandika majina ya kasoro upande mmoja, na kila linaporudi buibui unachora kijiti. Tulifundishwa hivi sekondari ya misheni tulipohesabu kura za kiranja: vijiti vinne, cha tano kinavikata kwa mshazari. Mwisho wa mwezi unapata: mawe ya urembo kubanduka 44, pindo kupinda 17, madoa ya mafuta ya cherehani 11, saizi kukosewa 5, mengineyo 3.

Sasa zipange kuanzia kubwa mpaka ndogo, chora nguzo, kisha jumlisha ukipanda. Mawe peke yake ni asilimia 55. Ukiongeza pindo unafika 76. Ukiongeza madoa, 90. Hiyo ndiyo chati ya Pareto. Jina ni la Mwitaliano Vilfredo Pareto, aliyeandika juu ya jinsi mali inavyokuwa mikononi mwa wachache, lakini aliyelipeleka viwandani ni Joseph Juran. Mwaka 1975 Juran mwenyewe aliandika kukiri kwamba alimtwisha Pareto zaidi ya aliyoyasema. Nampenda mtu wa namna hiyo.

Faida ya chati hii haiko kwenye uzuri wake. Mwenye karakana ninayemfikiria mimi huwa amekasirishwa sana na madoa ya mafuta, kwa sababu doa linaonekana na linatia aibu mbele ya mteja. Mwezi mzima anapiga kelele za mafuta. Lakini madoa ni 11 katika 80. Hata akiyamaliza yote, 69 bado yatarudi.

Basi tushike mawe. Hapa unachora mfupa wa samaki: kichwani unaandika "mawe yanabanduka", na kwenye mifupa unaweka kila kinachoweza kuwa sababu, kwa mafungu. Watu, mashine ya kubandikia kwa joto, mawe na gundi yake, namna kazi inavyofanywa, vipimo, na hali ya hewa ya chumba. Mafundi wote wakae, kila mmoja aseme, na mtu wa kwanza kusema asiwe tajiri. Tajiri akianza kusema "mimi naona ni uzembe", samaki amekwisha kuliwa, watabaki kuitikia tu. Mfupa wa samaki haukupi jibu. Unakupa orodha ya kwenda kuchunguza, na wengi wanakosea hapo: wanachora, wanautundika ukutani, wanaridhika.

Sasa tunatenganisha zile 44 kwa makundi. Kwa fundi: fundi mpya, yule kijana wa Kibangali, amebandika 33 kati yake. Na hapa ndipo watu wetu wengi wanaposimama. "Haya, si nilisema?" Karatasi imemtia hatiani, hesabu zimethibitisha, mkate mshahara.

Subiri kwanza. Tenganisha tena, kwa saa. Ili uijue saa, lazima kila buibui liwe na kijikaratasi chenye siku, saa na alama ya fundi, kazi ya sekunde tano. Ukiangalia, 31 kati ya 44 yalibandikwa kabla ya saa tatu asubuhi. Na nani anafungua karakana saa mbili na kuanza kubandika peke yake, wenzake wakiwa bado njiani? Ndiye huyo kijana mpya, kwa kuwa yeye ni mdogo na wakubwa wamemwachia zamu ya asubuhi. Kwa hiyo hujui bado kama kosa ni la mtu au la saa, maana mtu na saa vinakwenda pamoja. Njia ya kuvitenganisha ni kumwamuru fundi mkubwa, yule wa miaka kumi na miwili kazini, afungue yeye asubuhi kwa wiki mbili, na kijana aje saa tatu. Mawe ya asubuhi yakiendelea kubanduka mkononi mwa fundi mkubwa, umekwisha kupata jibu: mashine haijapata moto sawasawa saa mbili, ingawa taa yake inawaka. Dawa ni kuiwasha nusu saa mapema na kuweka kipimajoto. Tena ukitaka uhakika zaidi, pima joto kila mara unapobandika, weka nukta kwenye karatasi, joto upande huu na idadi ya mawe yaliyobanduka upande ule. Huo ni mchoro wa mtawanyiko, na nukta zitakuonyesha kama vitu viwili vinakwenda pamoja.

Hebu fikiria yule kijana angekatwa mshahara miezi mingapi kwa kosa la mashine. Anatuma pesa kwao. Mama yake kule anapungukiwa kwa sababu taa ya mashine Al Quoz inawaka kabla ya wakati wake. Hili kwangu ni zito kuliko ubora wenyewe. Hatukupewa hesabu ili tudhulumu watu kwa nambari safi. Na karatasi iliyosomwa nusu inadhulumu zaidi kuliko kelele, kwani kelele angalau kila mtu anajua ni hasira.

Halafu iko chati ya udhibiti, ile ya Shewhart, ambayo naiona ndiyo yenye akili kuliko zote. Tuseme una kiwanda kidogo cha kufunga tende, boksi la gramu 500. Hakuna mashine duniani itakayotoa 500 kamili kila mara; itatoa 502, 499, 501, 498. Mfanyakazi mwenye bidii akiona 498 anaikaza mashine. Inayofuata ikitoka 505, anailegeza. Siku nzima anakaza na kulegeza, na wewe unamsifu kwa uangalifu wake. Kumbe ndiye anayeongeza mtawanyiko! Kule kupanda na kushuka kidogo kulikuwa tabia ya kawaida ya mashine, na kila anapoigusa anaongeza tetemeko lake juu ya tetemeko la mashine.

Shewhart aliona kwamba tofauti ziko za aina mbili. Zile za kawaida zimo ndani ya kazi yenyewe siku zote. Zile maalumu zinaletwa na jambo fulani lililotokea: kisu kimelegea, tende za shehena mpya zina unyevu zaidi, umeme umekatika. Chati inakusaidia kuzitofautisha. Kila saa unapima boksi tano, unaandika wastani wake kama nukta. Katikati kuna mstari wa wastani wa siku nyingi, juu na chini kuna mistari miwili ya mpaka, inayohesabiwa kutokana na mtawanyiko wa vipimo vyenyewe, si kutokana na matakwa ya mwenye kiwanda. Nukta zikicheza ndani ya mipaka bila mpangilio, usiguse mashine wala usimfokee mtu. Ikitoka nje, simamisha, tafuta kilichotokea saa ile. Na kama mashine imetulia ndani ya mipaka yake lakini bado boksi nyingi zina upungufu, hapo mfanyakazi hana la kufanya. Ni wewe mwenye mali: nunua mashine bora, au ibadilishe kazi ilivyopangwa. Deming alilisema hili mpaka uzeeni, kwamba sehemu kubwa ya kasoro ni ya mfumo, na mfumo uko mikononi mwa wakubwa. Nadhani ndiyo sababu wakubwa wengi hupenda kumtaja kuliko kumsoma.

Histogramu sitaikalia sana. Ni zile boksi zilizopimwa, ukazipanga kwa uzito, ngapi 498, ngapi 499, na kuendelea, ukaona umbo. Ukiona vilima viwili badala ya kimoja, jua pengine mashine mbili au zamu mbili zimechanganywa kwenye hesabu moja.

Kuna watakaoniambia: mwalimu, haya ni ya viwanda vikubwa vya Jebel Ali, sisi ni familia, karakana vyumba viwili. Jawabu langu ni kwamba mambo haya yameshafika kwenye sehemu zisizo na fedha kuliko karakana yoyote ya Dubai. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, kusini magharibi mwa Tanzania, ilianza mwaka 2007 kutumia njia za Kijapani za kupanga sehemu ya kazi na kuboresha huduma kidogo kidogo, na kutoka huko zikaenea kwenye hospitali nyingine nchini. Ethiopia, baada ya waziri mkuu wake Meles Zenawi kuvutiwa nazo na kuomba msaada wa Japani, ilijaribu kwenye viwanda kadhaa, kisha mwaka 2011 ikaunda taasisi nzima ya kaizen, yaani uboreshaji wa kidogo kidogo. Hapa hapa Dubai, Tuzo ya Ubora ya Dubai ilianzishwa mwaka 1994. Basi elimu hii haiko mbali nasi, sisi ndio tuko mbali nayo.

Wengine watasema afadhali waongeze mkaguzi mmoja mlangoni, akamate kibaya kabla hakijatoka. Sawa, ataokoa sura mbele ya mteja. Lakini kitambaa kimekwisha kukatwa, mawe yamekwisha kununuliwa, fundi amekwisha kulipwa kwa saa zake. Unalipa mara mbili: kutengeneza kibaya, na kukitafuta. Ni mpimaji wa karafuu yule yule, umemhamishia Al Quoz.

Kikwazo cha kweli ninakiona kwingine. Ni woga. Karatasi ya kuhesabia inajazwa na mfanyakazi, na mfanyakazi akijua kila kijiti ni dirhamu kumi zinatoka mfukoni mwake, hatachora kijiti. Ataficha buibui bovu chini ya meza, au atalitengeneza usiku kimya kimya, na wewe utakuwa na karatasi safi na wateja wenye hasira. Nimewahi kuona karatasi ya namna hiyo katika karakana moja, wiki tatu bila kasoro hata moja, na kwenye kona pale rundo la mabuibui ya kurekebishwa limefikia kiuno. Kwa hivyo tajiri anayetaka kuanza lazima atangaze mbele ya wote, na atimize, kwamba kwa kipindi cha kuhesabu hakuna atakayekatwa chochote kwa kilichoandikwa. Asipoweza hilo, asianze. Atapoteza karatasi bure.

Na mtoto wetu aliyesoma biashara chuoni, anayerudi na maneno makubwa ya usimamizi, apewe kazi hii kwanza: asimame karakana wiki moja, ahesabu. Ami yake asimcheke.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii, namshauri asianze na majina ya kasoro. Mafundi wetu mmoja anasoma Kiurdu, mwingine Kibangla, mwingine Kimalayalam, na mwenye duka anaandika Kiswahili au Kiarabu. Achore picha kubwa ya buibui, mbele na nyuma, kwenye karatasi ya manila. Kila kasoro inapoonekana, fundi aweke nukta mahali pale pale ilipo: begani, kwenye mkono, kwenye pindo. Nukta nyekundu kwa mawe, nyeusi kwa mshono, buluu kwa doa. Baada ya siku kumi picha yenyewe itaonyesha nukta zimejazana wapi, na asiyejua kusoma ataona sawa na aliyesoma. Itundikwe karibu na cherehani, isitundikwe ofisini. Na penseli zifungwe kwa uzi pembeni yake, maana penseli ya karakana haikai siku mbili.